Chupa Iliyohamisha Vikombe

Mume wangu ni fundi wa kupiga vanishi, na kabla hujamwona unamnusa. Vanishi nimeizoea. Sigara ndiyo iliyonishinda, ikamshinda na binti yetu. Alipojifungua, alimwambia baba yake waziwazi kwamba mjukuu atamwangalia kwa macho tu, mpaka siku atakapokuwa hana harufu ya moshi. Mzee wa watu alirudi nyumbani amenywea. Kitanda cha mtoto alikipiga msasa yeye mwenyewe, siku nzima, halafu mwenye kitanda hashikiki.

Akanunua sigara ya umeme, pamoja na chupa ndogo ya majimaji yake yenye picha ya embe. Alivuta mara moja tu, akakunja uso. Embe hakuliona, alisema ni kama kulamba kadibodi iliyonyeshewa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naye akanuna, akaanza kupapasa mfuko wa shati wenye sigara, na hapo kicheko kikanikauka.

Kesho yake aliirudisha ile chupa dukani kwa hasira. Muuzaji akamtuliza: aitikise, aifungue kidogo ipumue, kisha aiweke gizani itulie. Abadilishe na kile kiwaya chenye pamba ndani ya kifaa, maana kikiungua kinaharibu ladha. Akipenda, aongeze matone ya mnanaa. Mwingine angeona anasumbuliwa. Mume wangu aliona amekutana na fundi mwenzake, kwa sababu yeye hapaki vanishi mara ya pili kabla ile ya kwanza haijakauka, hata mteja alie machozi.

Basi vikombe vyangu vikahamishiwa dirishani ili kabatini akae mheshimiwa chupa. Kila asubuhi mzee anaitikisa, anainusa, anairudisha. "Bado," anasema. Alipoongeza mnanaa, kusubiri kukaanza upya. Sigara nazo akaziweka kando, eti ulimi uliojaa moshi hauwezi kuonja.

"Vanishi mpya haipakwi juu ya iliyochakaa," aliniambia. "Lazima upige msasa kwanza."

Huo msasa niliupata mimi. Aligombana na redio, akagombana na mlango, akatafuna karanga mpaka sebule ikajaa maganda. Nikamhurumia, nikafagia maganda.

Siku aliyopanga kuonja, binti yetu akaingia na mtoto begani. Alimsogelea baba yake, akamnusa kola, akamnusa viganja, akarudia kola.

"Baba, hapa kuna vanishi tu," alisema. Akamweka mtoto mikononi mwake.

Yule mjukuu, mke mwenzangu mdogo, akamkamata babu yake kidole, akakataa kukiachia. Mimi nikaenda jikoni kumletea chupa yake, maana siku yenyewe ndiyo hiyo. Nilipofungua kabati, embe likanipokea, tamu kabisa, na mnanaa kwa mbali. Ilikuwa imekubali. Nikasimama mlangoni, nikamwonyesha, nikamuuliza kama tuonje.

Aliitazama, akamtazama mjukuu.

"Bado," alisema. "Iache itulie."

Nikairudisha kabatini. Vikombe vyangu viko dirishani mpaka leo, na wala sidai virudi kabatini.