Mazoezi ya Baba

Jana jirani yangu alifungua chupa ya mafuta ya karafuu ajichue goti, na harufu ile ikanirudisha Mikindani, kwenye mkeka wa chumba cha mbele, mkono wa kushoto wa baba umelala mapajani mwa mama.

Baba alikuwa kuli bandarini. Kiharusi kilimwangusha asubuhi moja akivaa viatu. Hospitalini wakamrudisha nyumbani na agizo moja: mazoezi. Neno hilo nilijidai nalijua. Shuleni kwetu zoezi lilikuwa maswali ya hesabu ubaoni. Ukimaliza, mwalimu anasahihisha, unakwenda zako kucheza. Kwa hiyo nilikuwa na hakika baba naye angemaliza, asahihishwe, arudi kazini.

Kila asubuhi mama alimchua, kisha mimi nikamtia kiganjani mpira wangu wa soksi.

"Kaza, baba!"

"Nakaza, mwanangu."

Vidole havikutikisika. Mpira ulidondoka, ukabingirika hadi chini ya kiti, nikatambaa kuufuata. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema kipa kama yeye angefukuzwa timu yoyote.

Siku moja nilimuuliza hawe, mama yake baba, aliyekuwa akipeta mchele uani.

"Hawe, baba atamaliza lini mazoezi?"

Hakuinua uso. "Hayamalizwi hayo, mjukuu wangu. Mazoezi ni kuzoea."

Nikaridhika. Nilidhani kitakachozoea ni mkono.

Tukazoea sisi. Mama alizoea kumfunga vifungo vya shati huku akipiga soga na majirani. Mimi nilizoea kumlisha. Mwanzoni nilikuwa nikigeuza uso chakula kikimchuruzika kidevuni, baadaye sikugeuza tena. Wageni walilia wakimwona, nasi tukawatilia chai.

Asubuhi ya mwisho nilimwekea mpira kama kawaida. "Kaza, baba." Ukadondoka. Nikauokota, nikaurudisha, ukadondoka tena, nikauokota. Mama ndiye aliyegundua kwamba baba hajajibu.

Yeye alipiga ukelele. Mimi nilitafuta kifuniko cha chupa ya mafuta, nikaifunga, nikaiweka mahali pake dirishani. Sikulia siku hiyo, wala makaburini. Kwenye matanga watu walinishika kichwa wakisema mtoto huyu ana moyo mgumu, na hawe peke yake ndiye aliyenivuta kando nimsaidie kupeta mchele. Wakati ule sikujua kilichonipata. Sasa najua yalikuwa mazoezi tu.