Mahindi ya Kuku

Kasiva alikuwa na mkono wa kutwanga muthokoi, yale mahindi ya kutolewa ganda, na upande ule wa Mutomo hakuna aliyelibishia hilo. Wapo wanaotwanga wakaacha nusu ya maganda, wapo wanaoponda mahindi mpaka yakawa chenga. Yeye alinyunyiza maji kidogo, akainua mchi, na mahindi yakatoka kinuni meupe, mazima, hayana ganda hata moja. Mama yake ndiye aliyemfundisha angali msichana mdogo, na pamoja na mchi akampa neno la kutembea nalo: ubaya wa mahindi uko kwenye ganda, ukitoa ganda, umetoa ubaya. Kasiva alilishika neno hilo sawa na Amri Kumi.

Mumewe, Nyamai, ni fundi wa mawe. Alijenga nyumba za kupangisha kule Emali, kwenye barabara ya Mombasa, na alikuwa akituma chochote alichopata. Halafu wenye majengo wakaacha kujenga. Redioni walisema uchumi umedorora. Mwenye shibe hakosi maneno mazuri! Nyumbani kwa Kasiva jambo hilo halikuwa na jina la kiofisi: maziwa yalitoka kwenye chai, sukari ikafuata, maharagwe yakatoka kwenye sufuria, na mbuzi wa maziwa akaenda sokoni asirudi. Nyamai naye alibaki Emali akingojea kibarua, maana aliona haya kurudi mikono mitupu.

Kilichomtisha Kasiva ni Mbithe, mtoto wao wa pekee, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mtoto alikuwa anakuwa mwepesi. Kila alipombeba mgongoni Kasiva aliusikia ule wepesi. Alikuwa akitembea huku akiomba: Mungu, chukua kingine chochote, huyu niachie.

Siku moja ya soko alimkuta Nzau, muuza nafaka, ameweka gunia moja pembeni, mbali na mengine. Mahindi yake yalikuwa yamelowa ghalani yakaota ukungu, yana madoa ya kijani, na bei yake ilikuwa ya kutupa.

"Hiyo sio ya watu, Mama Mbithe," Nzau alisema. "Hiyo ni ya kuku. Usikuje kusema sikukuambia."

"Kwani mimi sina kuku?" Kasiva alijibu, akacheka ili haya isionekane usoni.

Kuku alikuwa naye kweli. Alikuwa mmoja, tena aliyekwisha acha kutaga. Lakini Kasiva si mtu wa kukurupuka. Alipofika nyumbani alimtupia yule kuku konzi moja ya mahindi yale, akakaa kwenye kigoda kumwangalia. Kuku alidonoa akajaza firigisi, akaenda zake kuchakura jalalani, na kesho yake asubuhi alikuwa mzima, anamwangalia Kasiva kwa dharau ile ile ya siku zote. Basi Kasiva akachambua mahindi, akayaosha, akayaanika, kisha akayatwanga kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitia kwenye mchi. Yalitoka meupe. Ungeyaona ungeapa ni mavuno mapya.

Mbithe alikula. Alikula na kusema, "Mama, ongeza," na Kasiva akaongeza, akatoa na fungu lake mwenyewe akammiminia. Yeye alikunywa chai ya rangi akasema ameshiba. Uongo huo kina mama wanaujua wote. Baada ya majuma kadhaa tumbo la Mbithe likaanza kujaa, na Jumapili Kasiva alisimama kanisani kutoa ushuhuda: Bwana amelisha nyumba yake wakati wa ukame wa kazi, mtoto wake ananenepa. Watu wakapiga makofi.

Kisha Mbithe akaanza kutapika. Akakataa chakula. Miguu yake ilikuwa bado njiti, lakini tumbo lilikuwa gumu, na akiguswa analia. Asubuhi moja Kasiva alimtoa nje kumnawisha uso, jua likampiga mtoto machoni, na mama akaona weupe wa macho yale umegeuka manjano. Alimnawisha tena, mjinga wa hofu, kama kwamba ni uchafu utakaotoka kwa maji. Haukutoka.

Jirani mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema mtoto amepigwa jicho kwa sababu ya ule ushuhuda. Kasiva alikaa na maneno hayo kutwa nzima, akiogopa kubaki na akiogopa kwenda. Aliyemtoa nyumbani ni rafiki yake Muthoki, mama wa mapacha.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Muthoki alisema. "Amka! Boda boda nimeshalipa mimi."

Kasiva alilia. Hakuwa na kitu cha kumpa, na kwao mtu aliyekufaa haondoki hivi hivi. Akachota beseni zima la muthokoi.

"Pikia watoto," alisema.

"Ya mkono wako? Nani atakataa!" Muthoki akaliweka beseni kichwani, akaenda.

Hospitalini daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Alifunua macho ya Mbithe, akalibonyeza tumbo, akatoa damu ya kupima. Mtoto hakupinga, na kule kutopinga ndiko kulikomwogopesha Kasiva kuliko sindano.

"Amekuwa akikula nini, mama?"

"Ugali. Unga ya duka."

"Ya duka peke yake?"

Kasiva aliona haya kusema mbele ya watu kwamba amemlisha mwanawe chakula cha kuku. Mbithe akajinyonga kitandani, akatoa sauti ndogo. Haya ya Kasiva ikaishia hapo.

"Nilimpa muthokoi. Mahindi ilikuwa na ukungu," alisema. "Lakini nilitwanga, daktari. Nilitoa ganda yote. Kuku alikula na hakufa."

"Kuku alikula mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na mtoto?"

Kasiva akavuta shuka, akamfunika Mbithe miguu.

"Hiyo ukungu iko na sumu, na inaingia mpaka ndani ya mahindi, mama. Ukitwanga unapunguza, haumalizi. Inakaa kwa ini, kidogo kidogo." Daktari alimtazama. "Wewe mwenyewe hujagonjeka?"

"Mimi nilikuwa namwachia yeye."

Daktari aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akauliza, "Kuna mwingine amekula?"

Hapo ndipo Kasiva aliliona lile beseni kichwani mwa Muthoki, linakwenda likiyumba. Alibonyeza simu akakosea namba mara mbili, daktari akambonyezea.

"Muthoki! Mmekula?"

"Bado, iko kwa moto tangu mchana. Hawa watoto wananisumbua, ndio naanza kupakua. Mbithe yuko aje?"

"Mwaga! Usiwape! Ni hiyo ndio imemgonjesha!"

Kasiva alisikia sufuria ikikwaruza mawe ya jikoni, kisha mapacha wakaanza kulia kwa njaa, wote wawili, kilio kimoja. Simu ikakatika.

Walimtundikia Mbithe maji. Daktari hakuahidi kitu. Alisema ini halina haraka, watangoja. Kasiva alingoja, akihesabu pumzi za mwanawe, akishtuka kila ilipochelewa moja. Siku zilipita hivyo. Muthoki alikuja kumtazama mgonjwa, akakaa, akashika mkono wa Kasiva. Mapacha wake walikuwa wazima. La beseni hakuligusia.

Kisha jioni moja Mbithe alifumbua macho. Manjano yalikuwa bado, lakini yamefifia. Akamtafuta mama yake, akampata.

"Mama, nasikia njaa."

Kasiva alimwinamia huku machozi yanamtoka. "Unataka nini, mwanangu? Sema tu."

"Muthokoi yako," Mbithe alisema. "Mingi."

Kasiva akaificha mikono yake chini ya leso.