Nusu ya Kazi ya Daktari Winrose

Kama kuna kitu kilichomchosha Daktari Winrose Chepkemboi, ni kuulizwa yeye ni wa wapi. Si nyumbani, kwao ni Olenguruone na hajawahi kuficha. Wenzake kazini walitaka kujua kama ni mtu wa upasuaji au wa maabara.

Wagonjwa ndio waliompeleka maabara. Alikuwa daktari mchanga wa upasuaji hapa Nakuru alipowapasua wawili siku moja, ugonjwa ule ule. Mmoja akarudi shambani kupanda viazi, mwingine akakaa na kidonda wazi miezi. Winrose akataka kujua kinga ya miili yao ilitofautiana wapi. Tangu hapo akawa anapasua, anachunguza damu, anaandika makala, nusu kwenye majarida ya upasuaji, nusu kwenye majarida ya kinga.

Alipoomba kupandishwa cheo awe profesa, jopo la chuo kikuu alikofundisha likamkatalia. Mwenyekiti, Profesa Kahiga, alisema bila haya kwamba idara yake ni ya upasuaji, na hayo mengine ni mambo ya panya na chupa, hayahesabiki. Winrose akaenda idara ya kinga. Huko wakamwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba yeye ni mtu wa kisu. Alirudi kwake mtaa wa Section 58, akalia kwa hasira.

Mwezi haujaisha, Kahiga akapiga simu.

"Daktari, kuna grant imetoka, wanataka surgery na immunology pamoja. Mimi nitakuwa lead. Nitumie papers zako zote, hiyo record yako itatubeba."

Pesa hizo zingenunua mashine ya kupima damu aliyoiomba miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo Winrose akamtumia makala za upasuaji, basi.

Simu ikalia tena. "Mbona ni nusu? Zile za immunology ziko wapi?"

"Si ulisema hizo hazihesabiki, Prof?"

"Ah, Daktari. Hiyo ilikuwa committee. Hii ni pesa."

"Basi ambia committee izihesabu, nitume zote."

Kahiga hakurudi kwa jopo, na Winrose hakutuma. Mashine haikuja, cheo hakikuja. Jumatatu alikuwa kwenye chumba cha upasuaji, akimshona mzee wa Mai Mahiu, na bila mashine ya kumpima damu, bado hakujua kama kidonda hicho kitafunga.