Mwaka Aliohama Bila Kuaga

Mudrik alikuwa hodari wa kusimulia. Ijumaa ile, baada ya sala, jamaa walipokwisha kukaa kwenye busati la fleti yake mpya kule Mbweni na sinia la pilau likiwa katikati, aliwahesabia wageni mwaka wa mama yake kama anayesoma ratiba ya mfalme. Januari mpaka baada ya Idi, Chwaka kwa wifi yake Tabia, upepo wa bahari na pweza kila akitaka. Kisha Pemba wiki tatu. Kisha Maskati kwa binti yake Salhiya, miezi mitano mizima, na humo ndani na Umra.

"Mama mwaka huu hakutembea," alisema. "Mama ametembezwa. Kama malkia!"

Watu walicheka. Bi Rukaiya Mbarouk naye alicheka, kisha akamsahihisha: "Pemba wiki nne, si tatu."

Alipenda mambo yasemwe kama yalivyo. Miaka thelathini na moja alisomesha wasichana wa sekondari hapa mjini, kumi ya mwisho akiwa mwalimu mkuu, na mpaka leo wapo wanawake wenye wajukuu ambao wakikutana naye njiani hutengeneza mitandio yao haraka haraka. Tangu afiwe na mumewe, Khatib, miaka sita iliyopita, alijipa kazi moja tu: jina la Khatib lisitajwe mahali popote kwa ubaya.

Alikuwa na siku tisa tu tangu arudi. Mudrik alimpokea uwanja wa ndege, na gari halikushika njia ya mjini, ya nyumbani kwake Kiponda. "Mafundi hawajamaliza, Mama. Kiponda vumbi tupu. Utakaa kwangu kidogo." Alishangaa kukuta kabati lake, viti vyake na hata mbuzi yake ya kukunia nazi vimeshapangwa kwenye fleti, lakini Mudrik alisema vyombo vingeharibika na chokaa, naye akaona ni kweli. Akakaa. Wageni walikuwa wanakuja kumpa mkono wa Umra, na yeye alikuwa anapenda, tuseme ukweli, kupewa mkono.

Jumamosi asubuhi alikwenda Darajani mwenyewe, kwa sababu mke wa Mudrik hajui kuchagua samaki. Alikuwa ameinama anafunua matamvua ya changu aliposikia sauti ya Shamsi, jirani yake wa Kiponda, mlango wa tatu kutoka kwake.

"Alaa! Kumbe upo. Sisi twajua ushakuwa wa Maskati."

"Shamsi! Nimerudi wiki iliyopita tu, shoga. Nnasubiri mafundi wamalize..."

"Mafundi gani tena, Bi Rukaiya? Nyumba ishatiwa rangi, kibao cha hoteli kishatundikwa mlangoni, wageni wanapanda ngazi na mabegi." Shamsi alihamisha kikapu chake mkono wa pili. "Mtaa mzima wajua mmewakodisha miaka ishirini, lakini nyumba ni yenu, fanyeni mtakavyo. Hilo sikulitia moyoni. Nililolitia moyoni ni la Bashira."

"Bashira ana nini?"

Shamsi alimtazama usoni, kwanza kwa hasira, halafu kwa mashaka, halafu kwa hasira tena.

"Usinifanyie hivyo hapa sokoni. Salamu zako zilifika. Mwanao kaambiwa kwenye simu, kajibu, 'Mama anakupeni pole, Mungu amrehemu.' Pole ya simu! Kwa Bashira! Na arubaini vilevile ukaleta salamu. Mimi nilikuwa jikoni siku ile, nikawasikia wanawake wanavyokusema. Sikukutetea. Nilikuwa sina la kukutetea nalo."

"Lini?" Bi Rukaiya aliuliza.

"Lini nini?"

"Amekufa lini?"

"Mwezi wa tisa."

Muuza samaki aliuliza kama changu afungwe au vipi. Hata pale, ulimi wa Bi Rukaiya ulijizuia wenyewe kwa mazoea ya miaka: hakusema hakuambiwa. Alisema innalillahi, akasema atafika, akageuka akaondoka bila samaki.

Bashira na yeye waliishi ukuta kwa ukuta miaka arobaini na mbili. Aliolewa akaingia Kiponda mwaka mmoja na Bashira. Mtoto wa huyu aliponyonya, wa yule alinyonya pia, na Mwatum wa Bashira alikua akimwita Bi Rukaiya khaloo, kama dada wa mama yake. Mwezi wa Januari boriti mbili za chumba cha juu zilipopasuka, na Mudrik akasema mama yake ahame miezi mitatu nyumba itengenezwe, Bashira alitoka akasimama kizingitini kumtazama anavyopakia.

"Shoga, mbona huniagi?"

"Nikuage kwa Chwaka? Nnakwenda Hijaz?"

"Mtu akitoka nyumbani kwake na kitanda huaga," alisema Bashira. "Hutaka radhi mlango kwa mlango. Ndivyo tulivyofanyiwa, ndivyo tulivyofanya."

"Sihami, Bashira. Nnatengeneza dari. Nikipita kutaka radhi watu watasema nimeuza nyumba."

Hivyo ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake. Aliogopa watu watasema ameuza nyumba.

Na nyumba haikuuzwa. Ilikodishwa kwa watu wa hoteli miaka ishirini, nayo saini yake ilikuwamo. Alikumbuka karatasi yenyewe. Ami yake Mudrik, Machano, alikuja na mafaili wiki ile ile, wakakaa watatu mezani, Mudrik akasema ni ruhusa za matengenezo, akampa kalamu. Miwani ilikuwa chumbani. Mwalimu aliyewaambia wasichana maelfu wasome kabla ya kutia mkono hakwenda kuchukua miwani yake. Kusoma karatasi mbele ya shemeji na mwana, neno kwa neno, na wao wamekaa wanangoja, kungekuwa sawa na kuwaambia hawaaminiki. Kwao hawakuwa watu wa kusomeana karatasi. Akatia saini pale alipoonyeshwa kidole.

Ndani ya gari la kurudi Mbweni alijitukana kimyakimya, kisha akaacha, maana hasira yote ilihitajika kwa mtu mwingine.

Mudrik alikuwa sebuleni. Bi Rukaiya hakuketi wala hakuvua buibui.

"Laini yangu ya hapa nilipokwenda Maskati niliiacha kwa nani?"

"Kwangu, Mama. Ulisema isije ikapotea."

"Wewe ndiye uliyesema isije ikapotea. Mwatum alipiga mara ngapi?"

Mudrik alifahamu. Alizima televisheni kwanza, kama mtu anayetaka kupata nafasi ya kufikiri.

"Mara tatu."

"Ya kwanza?"

"Mama yake kalazwa."

"Akasema nini zaidi?"

Alitafuta pahala pa kuweka rimoti.

"Mudrik, nnakuuliza. Akasema nini zaidi?"

"Kwamba anakuuliza. Anataka kusema na wewe."

"Nawe ukamjibuje?"

"Nikasema nitakufikishia."

Chumba kilikuwa kizuri, kigae kinang'aa, madirisha ya kioo. Bi Rukaiya alitamani kuvunja kimojawapo. Hakuwahi kutamani kitu kama hicho maishani mwake.

"Ungerudi, Mama," Mudrik alisema haraka. "Nnakujua. Ungepanda ndege ya kwanza, ungeshukia Kiponda, ungewakuta mafundi wanavunja jiko, ungewatoa kwa bakora. Kila kitu kingeharibika. Ile nyumba ilikuwa inakuangukia! Sina uwezo wa kuitengeneza, Ami hana, na wewe ungekataa kutoka mpaka dari ikuzike. Nikasema bora nikukalishe pahala pazuri."

"Pahala pazuri nshakaa miaka arobaini na mbili." Sauti yake ilikuwa ndogo, na Mudrik, aliyelelewa na mwalimu, alijua hiyo ndiyo mbaya. "Chwaka nilipotaka kurudi baada ya Idi, ukanipeleka Pemba. Pemba nilipotaka kurudi, tiketi ya Maskati ikawa tayari. Ulikuwa unanitembeza au unanificha?"

"Mama..."

"Na ukatoa pole kwa kinywa changu. Bashira yuko kwenye jeneza, wewe unatia maneno kinywani mwangu! Khatib alikuzaa wewe kweli?"

Lilimchoma, na alikusudia limchome. Mudrik alisema kwa upole, kwa sauti ya mtu anayetoa suluhisho:

"Lishapita. Sikiliza, Mama. Kesho twende pamoja. Tutasema ulikuwa mgonjwa, umelazwa Maskati, madaktari walikataza usishtuliwe. Nani atajua? Watu watakuonea huruma, na jina letu litabaki pale pale."

Bi Rukaiya alikuwa na jibu kali kwenye ulimi. Lakini ile sauti aliijua. Mudrik alipokuwa na miaka ishirini na mbili, alipofukuzwa kazi yake ya kwanza kwa utoro, yeye ndiye aliyevaa buibui akapita Kiponda nzima akisema mwanawe ameacha kazi kwa hiari, anataka kuendelea na masomo. Mudrik alikuwa amesimama nyuma yake, akisikiliza. Alisema vizuri sana siku ile. Bashira peke yake ndiye aliyemtazama asiseme kitu.

"Kesho baada ya alasiri," alimwambia mwanawe, akaenda chumbani.

Hakumsamehe kwa kumkumbuka kijana. Alimkasirikia zaidi, na safari hii alijikasirikia naye sawasawa.

Jumapili walishuka gari Darajani wakaingia mitaani kwa miguu. Nyumba yao ilikuwa nyeupe kama meno ya bandia. Kwenye baraza alipokaa Khatib na magazeti yake palikuwa na mito ya rangi na msichana wa kigeni akipiga picha. Bi Rukaiya alitazama mara moja, akapita, akapiga hodi mlango wa pili.

Mwatum alifungua. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu, si khaloo. "Marahaba, mwanangu."

Walikaribishwa ukumbini. Miaka yote Bi Rukaiya alikuwa akipita moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua sufuria akasema chumvi imezidi. Leo alionyeshwa kiti cha wageni, akaletewa soda na gilasi juu ya trei, na kitambaa chini yake. Shamsi alikuwamo, amekaa kwenye mkeka na kushona kofia, wala hakunyanyuka. Lo, na kukaribishwa huko kulikuwa kwa adabu kamili. Hakuna mtu angeweza kulitia dosari hata neno moja. Yeye mwenyewe aliwafundisha mabinti adabu ya namna hiyo, ya kumtendea mtu usiyemtaka tena.

Mudrik alikohoa. "Dada Mwatum, kwanza tunakupeni pole. Mama hakuweza kufika kwa sababu kule Maskati afya yake..."

"Sikuwa mgonjwa," alisema Bi Rukaiya.

Sindano ya Shamsi ilisimama.

"Mama," Mudrik alinong'ona.

"Nyamaza. Nilikuwa mzima, Mwatum. Nilikuwa nnakula na kulala. Simu yangu alikuwa nayo huyu. Ulipopiga alipokea yeye. Hakuniambia mama yako kalazwa, hakuniambia ananiuliza, hakuniambia kafa. Zile pole ni zake, si zangu. Nimejua jana, sokoni, kwa Shamsi huyu. Alinificha ili nisirudi nikaona nyumba imekodishwa, na nyumba yenyewe nilitia saini mimi, bila kusoma. Hayo ndiyo yaliyokuwa."

Nje watu walipita wakicheka. Bi Rukaiya alijua kwamba kabla ya magharibi habari itakuwa imefika Malindi, na kesho watu watamtaja Mudrik bin Khatib na jambo alilolifanya. Miaka sita alililinda jina hilo, na sasa alikuwa amelitoa mwenyewe, kwenye ukumbi, mbele ya Shamsi.

"Mama yako alinambia niage," alisema. "Nikamjibu jeuri. Sikuja kueleza tu. Nimekuja kutaka radhi, kwa kuhama na kwa kuzika bila ya kuniona. Ya Bashira siwezi kuipata tena. Nnataka yako."

Mwatum alilia kwanza, bila sauti, akijifuta na ncha ya mtandio. Kisha akamgeukia Mudrik, na macho yake yalikuwa makavu.

"Nilipopiga mara ya pili nilikwambia, 'Mwambie aseme naye hata dakika moja, nitamwekea simu sikioni.' Unakumbuka ulivyonijibu?"

Mudrik alinyoosha kitambaa cha trei.

"Ulinambia amelala."

Bi Rukaiya alimgeukia mwanawe. Hilo hakuambiwa. Alingoja, kama alivyozoea kungoja darasani, mpaka mtu aliyekosa aseme mwenyewe.

"Nisamehe, Mwatum," alisema Mudrik. "Nimekosa. Alikuwa macho, nilikuwa nimetoka kusema naye kwa simu ya Salhiya. Alikuwa anapika."

"Khaloo nshamsamehe," alisema Mwatum. "Wewe bado. Uje siku nyingine, peke yako, bila ya mama yako kukusimamia. Tutaona."

Mudrik alimtazama mama yake, kama alivyomtazama tangu utotoni kila alipobanwa, ili aseme neno la kumwokoa. Alikuwa nayo maneno hayo, mengi na mazuri. Hakuyasema. Alikunywa soda yake mpaka mwisho, kwa kuwa ameandaliwa, akasimama, akamkumbatia Mwatum muda mrefu, akampa mkono Shamsi, ambaye safari hii alinyanyuka.

Nje Mudrik alifuta uso. Jua lilikuwa limeshafika ncha za nyumba.

"Turudi nyumbani, Mama?"

"Nyumbani wapi?" alisema Bi Rukaiya. Alivuta buibui lake, akautazama mtaa juu na chini, akihesabu milango. "Bado nyumba kumi na moja. Tangulia. Wewe ndiye utakayepiga hodi, na wewe ndiye utakayeeleza."