Shahidi Asiyekunywa

Mjane wa Kiislamu akiwa edani hatoki nje ovyo, na mjini Uvira kila mtu analijua hilo, hata asiyekanyaga msikitini. Héritier, mtoto wa mtu aliyewauzia Yasmine na mumewe kiwanja, alilijua vizuri kuliko wengi. Ndiyo maana alipokwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, kudai parseli hiyo ya Yasmine kule mtaani Mulongwe, aliomba shauri lisikilizwe Ijumaa ya wiki ya tatu tangu mafuriko. Alihesabu kwamba mwanamke atakuwa amejifungia ndani, analia, na kiwanja kitakuwa hakina mtetezi.

Dhoruba ilikuwa imekuja alasiri. Upepo ulianza kung'oa mabati, kisha mvua ikamwagika milimani, na mto Mulongwe ukashuka na mawe, miti na kuta za nyumba za watu. Yasmine alikuwa sokoni na ndagala zake, dagaa wa ziwani. Mumewe, Mahamudi, alikuwa ameshatoka nyumbani akiwa mzima, lakini akakumbuka sanduku la bati lenye karatasi za parseli, akarudi ndani kulichukua. Mto uliwabeba wote wawili, mtu na sanduku. Mahamudi alipatikana kesho yake ufukweni mwa ziwa. Sanduku halijaonekana hadi leo.

Yasmine akahamia kwa dada yake, mtaa wa Rugenge, akavaa nguo nyeupe za eda, akaacha wanja na manukato. Kulia alikuwa hajalia. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Watu nao, wakikosa la kusema hulitafuta.

Kulikuwa na shirika lililowasaidia waliobomolewa: mabati, saruji na pesa za kumlipa fundi. Sharti lilikuwa moja tu, uwe na hati kwamba kiwanja ni chako, na hati ifike kwao kabla ya saa sita mchana, Ijumaa hiyohiyo. Dorine, avoka, yaani wakili kijana, aliyekuwa akitoa msaada wa sheria bila malipo, alimfuata Yasmine mpaka Rugenge.

"Mama Safi," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yake kama wote walivyomwita, "karatasi ikipotea, shefu anaweza kuandika ingine. Lakini anataka shahidi, mutu mwenye aliona mukiuziana. Wako nani?"

"Balikuwa babili. Moja alikufa."

"Na wa pili?"

Wa pili ndiye aliyekuwa tabu.

Katika mitaa ile kiwanja hakiuzwi kwa karatasi peke yake. Wakishapeana mikono, mnunuzi hutoa kreti ya bia, mashahidi wanakunywa, na tangu siku hiyo wakiitwa popote watasema: tulikunywa pale. Asiyekunywa hakuona kitu. Miaka kumi na minne iliyopita Mahamudi, mtu wa swala tano, alikataa katakata kununua bia. Alileta sukre, yaani soda, chupa za rangi ya chungwa. Shahidi wa kwanza alikunywa huku anacheka. Wa pili, jirani yao Ildephonse, alikuwa ameshinda juani akipima kiwanja kwa hatua zake, na koo lake lilikuwa limejiandaa kwa kitu kingine. Aliiweka chupa chini bila kuifungua, akaenda zake. Watu wa mtaa wakamwita Koo Kavu, na jina likamganda. Baadaye alihamia Bwegera kulima mpunga, na sitashangaa nikiambiwa kwamba ni jina hilo lililomhamisha.

Yasmine alimuuliza imamu. Imamu akasema kwa dharura aende, lakini mchana, na jua lisimzamie njiani. Jumatano asubuhi alipanda pikipiki. Barabara ilikuwa imekatika mahali pawili, wakavuka kwa miguu huku vijana wamewabebea pikipiki, na kila walipokwama alitazama jua.

Alimkuta Ildephonse shambani, mguu mmoja kwenye matope. Mzee alimtambua mara moja, lakini salamu hakuipokea.

"Ni Mahamudi njo amekutuma?"

"Mzee, parseli inataka kutupotea. Héritier anasema baba yake alituazimaka tu. Weye njo ulipima. Kuja useme tu ile uliona."

"Minye sikunywaka. Mutu hajakunywa, atasema nini? Batanicheka tena?"

"Nitalipa safari yako, na siku yako pia."

Mzee akatema mate pembeni. "Feza ni ya kununua mutu. Bia ni desturi. Aje yeye mwenyewe Mahamudi, na kreti yangu ku kichwa. Minye nitashuka naye leo leo."

"Hawezi kuja."

"Juu ya nini? Kiburi haijamwisha?"

"Mto ulimubeba, Mzee. Iko siku kumi na tisa."

Ildephonse alimtazama. Alizitazama zile nguo nyeupe, kisha miguu yake iliyojaa tope la barabarani. Halafu akaokota jembe lake, akageuka, akaingia katikati ya mpunga bila kusema ndiyo wala hapana. Yasmine alisimama pale akimsubiri mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu.

Walipofika mjini, walipita mbele ya depo ya bia. Kreti zilikuwa zimepangwa nje. Katika pindo la kanga yake Yasmine alikuwa na pesa za rambirambi, zile ambazo watu walimpa msibani, na zilitosha. Alimwambia dereva asimame. Akafikiri: nikiituma kesho, mzee atakuja Ijumaa. Nani atanihukumu? Akafikiri pia kwamba mtu aliyekataa bia mlangoni pake alikuwa na siku kumi na nane tu kaburini, na mkewe angeinunua kwa pesa za kilio chake. Alibaki pale kwa muda mrefu, hasira zikimpanda: hasira kwa mzee, kwa mto, na kwa Mahamudi mwenyewe aliyerudia sanduku. Kisha akamwambia dereva waende.

Alhamisi haikuleta habari yoyote kutoka Bwegera.

Ijumaa saa nne Yasmine alitoka tena. Barazani kwa shefu, Héritier alikuwa amekaa na vijana wawili, mashahidi wake, waliokuwa wameshakunywa tangu alfajiri. Alipomwona mjane anakuja, uso ulimshuka kidogo.

"Mama, pole. Lakini eda yenu haikatazi kutoka?"

"Inakataza kutoka bila haja," Yasmine akamjibu. "Leo haja iko."

Vijana wakaeleza walivyosikia wazee wakisema kiwanja kiliazimwa. Dorine akawauliza walikuwa na umri gani mwaka ule. Mmoja alikuwa na miaka saba, mwenzake minane. Hata hivyo shefu hakucheka. Alitazama simu yake: saa tano na dakika kumi.

"Mama, shahidi yako iko wapi?"

Yasmine alitazama barabara. Dorine akaomba dakika ishirini, shefu akampa kumi. Zilipita. Shefu akavuta karatasi, akafungua kalamu, na Héritier akasogeza kiti.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pikipiki iliingia uani imejaa matope, na juu yake alikuwa Ildephonse, na shati lake la kanisani.

"Niliona bakiuziana," alisema hata kabla ya kuulizwa. "Minye njo nilipima. Hatua makumi mbili na mbili urefu, kumi na saba upana. Baba ya Héritier alihesabu feza mara mbili, akasema iko yote."

"Mumuulize alikunywa nini!" Héritier akapaza sauti. "Huyu njo Koo Kavu!"

Watu wakacheka. Dorine akasimama. "Sheria haiulizi mutu alikunywa nini."

"Sheria haiishi huku kartie, Maître," shefu akasema. "Minye naishi na aba bantu." Akamgeukia mzee. "Mzee, ulikunywa?"

Yasmine aliomba moyoni mzee aseme uongo. Neno moja tu, nani angejua?

"Hapana," Ildephonse akasema. "Sikunywa."

Yasmine akashika nguzo ya baraza. Héritier alipiga makofi.

"Ngojeni," mzee akasema. "Mahamudi alinipa sukre kwa mukono yake mwenyewe. Minye njo niliacha chini, juu ya hasira. Ile hasira imenila miaka kumi na ine. Mama Safi, sukre yangu iko wapi?"

Yasmine alivuka barabara mwenyewe hadi kwenye kibanda, akafungua pindo la kanga, akarudi na chupa ya rangi ya chungwa. Ilikuwa ya moto kwa jua. Ildephonse aliifungua kwa meno, akasimama mbele ya watu wote, akainywa polepole hadi tone la mwisho, akaiweka juu ya meza ya shefu.

"Mahamudi," akasema, "nimekunywa."

Hakuna aliyecheka. Shefu alitazama chupa, akamtazama Héritier, kisha akaandika hati na kugonga muhuri. Dorine aliitia ndani ya plastiki, akarukia ile pikipiki iliyomleta mzee, wakaondoka kwa kasi. Ilikuwa saa sita kasorobo, na ofisi ya shirika ilikuwa mwendo wa dakika tano tu. Héritier aliondoka bila kuaga, na mashahidi wake wakamfuata wakiulizana nani atawalipia chakula cha mchana.

Yasmine alikaa kwenye ngazi ya baraza, chupa tupu mikononi, na ndipo alipolia, kwa sauti, mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu mto ushuke. Ildephonse alisubiri amalize. Kisha akamuuliza Mahamudi alizikwa upande gani, akamsalimie.

Yasmine, ambaye eda haikumruhusu kufika huko, alimwonyesha njia kwa mkono.