Maji ya Moto Migombani

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata tone la mbege, pombe yetu ya ndizi. Ukiona nasita mahali, usidhani natunga. Ni kwamba pana sehemu bado naziogopa.

Wakati wa Mwingereza, baada ya ile vita kuu ya pili, nilikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Nduruma, chini ya Mlima Meru. Bwana alishinda shambani. Nyumba ilikuwa mikononi mwa mkewe, Memsahib, na Memsahib, niseme haki, hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kuoka mkate, na mke wangu alipojifungua alituletea blanketi. Ila alikuwa na ugonjwa wa vitu vipya.

Siku moja lori likaleta sanduku kubwa la mbao kutoka stesheni ya Arusha. Ndani mlikuwa na sinki jeupe la chuma. Upande mmoja lilikuwa sinki la kawaida. Upande wa pili lilikuwa na kifuniko, chini ya kifuniko kikapu cha waya cha kupangia vyombo, na chini ya kikapu kipangaboi cha kurusha maji. Unapanga vikombe, unafunika, unawasha, vyombo vinajiosha vyenyewe. Wazungu wa mashamba ya jirani walikuja kukiangalia kitu hicho kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga.

Watu huniuliza, je, kilifaa? Kwa glasi kilifaa, zilitoka zinang'aa. Lakini sufuria haikuingia. Uji ulioganda ulibaki umeganda, kwa hiyo nilikwangua kwanza, ndipo mashine ioshe. Wageni wakizidi, ilibidi kizungushwe tena na tena maana kilikuwa kidogo. Kilitaka jenereta iwashwe. Kilitaka maji ya moto mengi, na maji hayo yalitoka kwenye pipa la nje nililolijaza mwenyewe kwa ndoo na kulichemsha kwa kuni. Sasa hapo niambie, nani alikuwa anaosha vyombo?

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichotuponza ni maji machafu. Zamani niliyaacha yapoe, nikayamwaga kwenye maua. Mashine iliyatema yakiwa moto vilevile, na sabuni yake kali ya unga. Fundi aliyetoka mjini akatoboa ukuta, akapitisha bomba, akaagiza shimo lichimbwe nyuma ya jiko, kwenye migomba mizee iliyokuwapo kabla nyumba haijajengwa. Vibarua walipochimba wakakuta mawe bapa yamepangwa vizuri. Wakatazamana.

"Fundi, haya yamewekwa na mtu," mmoja wao akasema.

"Basi huyo mtu aje ayachukue," fundi akajibu, na mawe yakatupwa kando.

Kila siku, baada ya chakula cha mchana na baada ya chai, maji ya moto yakawa yanateremka kule. Migomba ikaanza kunyauka kuanzia shinani. Halafu jiko likaanza kunuka udongo mbichi. Nilipiga deki, nikafungua madirisha, harufu haikutoka.

Ikafika siku yenyewe. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umeshuka kutoka mlimani hadi uani, alasiri imekuwa kama magharibi. Memsahib alikuwa amealikwa chai kwa jirani. Jenereta ilikuwa imezimwa, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nafurahia ule ukimya. Mara mashine ikaanza kuunguruma.

Nikafunua kifuniko. Kipangaboi kimesimama, hakizunguki. Lakini maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, ya rangi ya udongo, yanatoa mvuke. Amini usiamini, yalikuwa yanapanda taratibu huku yakiunguruma, kama mtu anayeongea na mdomo umejaa.

Nyuma yangu mtu akapiga hodi.

Alikuwa bibi kizee amesimama mlangoni, amejifunga ngozi ya mbuzi kama walivyovaa watu wa zamani. Alikuwa amelowa chapachapa. Nikamwamkia kwa Kimeru, akaitikia vizuri. Nikadhani ni mpita njia aliyenyeshewa, nikamsogezea kigoda karibu na moto.

"Moto nimeuchoka, mwanangu," akasema.

Hapo ndipo nilipotazama sawasawa. Nje hakukuwa na mvua, ulikuwa ukungu tu. Na yule bibi alikuwa anatoka mvuke mabegani, kama nguo iliyoopolewa kwenye maji yanayochemka.

"Wewe ndiye unayeosha vyombo humu?"

"Ni mashine, bibi."

"Mashine siwezi kuisemesha. Nakusemesha wewe uliyezaliwa na mwanamke." Akasogea. "Mwambie mwenye nyumba aache kunimwagia maji ya moto. Nimelala pale migombani. Nikigeukia huku naungua. Nikigeukia kule naungua. Nilifanya nini?"

Akaiteremsha ngozi begani. Nyama ilikuwa imevimba, imechubuka, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na povu. Povu la ile sabuni, niliijua kwa harufu. Nikataka kukimbia, akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana. Alinishika kama mtu anayeomba. Nikaona sikio lake la kushoto, ndewe imechanika, nyama inaning'inia vipande viwili.

Kisha akaniachia, akatoka. Miguu yangu ikamfuata mpaka mlangoni, hata leo sijui kwa nini. Akaenda mpaka kwenye lile shimo, akajishusha polepole, huku akiguna, kama mgonjwa anayeingizwa kwenye maji asiyoyataka. Nikaona kichwa. Halafu nikaona jani la mgomba linatikisika. Basi.

Memsahib aliporudi nilimweleza kila kitu. Akanusa pumzi yangu, hakusikia pombe.

"Mpishi, umeogopa ukungu," akasema. "Nitakuonyesha hakuna kitu."

Nilimsihi asiwashe. Lakini Bwana alikuwa amesharudi na jenereta inanguruma, naye Memsahib akapanga vikombe vya chai kwa mikono yake mwenyewe, akafunika, akawasha. Maji yalipokwisha kutoka, akanitazama kwa tabasamu, akafunua, akatia mkono.

Ukelele wake ulimleta Bwana mbio na buti zake. Ndani ya mashine hamkuwa na maji hata kidogo, nilichungulia mwenyewe, lakini mkono ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko. Vikombe vilikuwa vimepakwa udongo. Na kwenye kikapu cha waya, zimejisokota katikati ya vikombe, zilikuwa nywele. Nywele fupi nyeupe za mvi.

Bwana akadhani mkewe ameungua kwa birika. Memsahib hakumsahihisha.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu, Eliaichi. Alisikiliza akiwa anamenya ndizi. Nilipofika kwenye sikio, kisu kikamponyoka.

"La kushoto?"

"La kushoto."

"Baba Naomi, huyo ni bibi yangu mzaa baba. Ng'ombe alimrarua ndewe kwa pembe, baba alitusimulia." Akaanza kulia. "Pale palikuwa nyumbani kwetu kabla mzungu hajapewa. Tulihamishwa nikiwa mgongoni. Baba alituambia bibi yumo migombani, lakini hakuna aliyeruhusiwa kurudi kumwangalia."

Asubuhi alikwenda nami. Alikuwa Mlutheri wa kweli, mwimbaji wa kwaya, na sikutegemea kumwona amebeba masale mkononi, yale majani ya kuombea msamaha. Memsahib alitoka nje na mkono wake umefungwa bendeji. Eliaichi hakujua Kiingereza, naye Kiswahili cha Memsahib kilikuwa cha jikoni.

"Shimo hili," mke wangu akasema, "ni bibi yangu."

Memsahib akayatazama yale mawe yaliyotupwa kando. Kisha akasema, "Pole, mama. Pole sana." Siku ileile bomba lilikatwa. Shimo likafukiwa kwa udongo safi, yale mawe bapa tukayarudisha mimi na Eliaichi, akapanda masale juu yake, akasali. Bwana aliambiwa mashine imeharibika. Ule upande wa sinki wenye kifuniko tulikuja kuwekea viazi.

Vidole viwili vya Memsahib vilibaki vimekunjika mpaka walipoondoka nchini. Mimi, pale nilipokamatwa mkono, hapajaota unywele tena. Mtu akimwaga maji ya moto chini karibu nami, ngozi ile inawaka, nami napaza sauti bila kutaka. Wajukuu hucheka. Eliaichi hakuwahi kucheka. Mpaka anakufa alikuwa akiyaacha maji yapoe kwenye beseni, hata tukichelewa kanisani.

Shamba lile limepita mikono mingi, na sijui nani anaishi pale sasa. Masale huenda yameng'olewa, maana mtu asiyejua huyaona ni kichaka tu. Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikia: kama nyumba yako imejengwa juu ya ardhi ya watu waliohamishwa, nunua mashine yoyote unayoitaka, sitakukataza. Lakini kabla hujaiwasha, toka nje, lifuate bomba kwa miguu yako mpaka mwisho wake, na uulize wenyeji nani amelala hapo.