Vichwa vya Asubuhi Nyuma ya Boma

Siku ya kwanza kazini nilifika na kichwa kilichonyolewa hadi kung'aa, na wanawake wote wa kambi wakanicheka.

Baba alinishusha kutoka mlimani alfajiri, yeye na mkungu wa ndizi begani, mimi na kibuyu cha maziwa. Alizoea kuwauzia chakula wake za askari waliokaa kwenye vibanda nyuma ya boma la Wajerumani, hapa Arusha. Mmoja wao alikuwa amemwambia anatafuta msichana wa kumsaidia kazi ya ususi. Huyo alikuwa mke wa shaushi. Shaushi kilikuwa cheo cha askari mweusi mwenye askari wengine chini yake. Mkewe naye alikuwa na wanawake wa kambi nzima chini yake, ingawa hakuna aliyempa cheo. Tulimwita Mama Shaushi. Mtoto hakuwa naye; jina lilitoka kwenye kazi ya mume.

Aliniangalia kichwa, akamwangalia baba.

"Mzee, nimekuomba msusi, umeniletea yai."

Wenzake wakaangua kicheko. Baba Kiswahili kilimpita, naye akacheka kwa adabu.

"Shikamoo," nikasema, maana ndilo neno nililofundishwa njiani.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Ndeshi."

"Ndeshi, umewahi kushika nywele?"

"Za kondoo."

Hapo hata yeye alicheka. "Haya. Zinafanana na za baadhi ya hawa. Kaa hapo, uanze na kuleta maji."

Nawaandikia nyinyi wajukuu zangu, mnaokaa mbele ya kioo mpaka uji unapoa, mkisema hamna muda wa kichwa. Sisi tulikuwa na muda mdogo kuliko wenu, na hakuna aliyetoka nyumbani kama ametoka kupigana. Nataka mjue tulivyofanya. Tena nataka mjue jinsi mwalimu wangu alivyokaribia kuiacha kazi hii, akaogopa hata kumwona mumewe, kwa sababu ya kichwa chake mwenyewe.

Kwetu Meru siku zile mwanamke alinyoa. Kusuka kulikuja na wake za askari waliotoka pwani, Unyamwezi na kwingineko. Mama Shaushi alikuwa mtu wa Tabora. Askari walipanga mstari jua likichomoza, tarumbeta ikilia, na kabla ya hapo mke alikuwa amekwisha kuchota maji, kuwasha moto na kupika uji. Baada ya hapo wengine walikwenda sokoni na vitumbua, wengine kufua nguo za mabwana. Kwa hiyo walikuja kwetu katikati, mbio mbio, kanga mabegani na vichwa vimesimama.

Mama Shaushi hakugusa kichwa kabla ya kuuliza, "Unakwenda wapi?" Nilidhani ni salamu. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Anayekwenda kubeba mtungi utosi wake lazima uwe bapa. Anayekwenda kuinama juu ya moto nywele zake zifungwe nyuma. Mimi nililijua hilo siku nilipomsuka mke wa ombasha. Ombasha ni cheo kilicho chini ya shaushi, lakini ulimi wa huyu mama ulikuwa na cheo cha juu kuliko wote. Nilimkusanyia nywele zote zikasimama juu ya utosi kama kilele cha mlima, nikajisifu moyoni. Akaenda mto Themi. Akarudi amelowa mpaka kiunoni, bila mtungi.

"Yuko wapi yule yai?" akauliza. "Amenijengea mnara, mtungi umekataa kukaa!"

Mama Shaushi akaniambia, "Umemsuka vizuri. Lakini hukumuuliza."

Mitindo yetu ya haraka haikuwa mingi. Wa kwanza ni twende kilioni, mistari michache minene inayoanzia kwenye paji la uso na kulala hadi kisogoni. Imeitwa hivyo kwa sababu mtu akiletewa habari ya msiba hana muda wa mapambo; anasukwa hiyo, anajitanda, anaondoka. Wa pili ni mabutu. Unagawa kichwa mafungu, kila fungu unalisuka peke yake, basi. Watoto wote walikwenda na mabutu. Wa tatu ni nywele za uzi, na huo una ujanja wake: uzi unazungushwa tangu shinani hadi nchani alasiri, mtu akiwa ametulia, na asubuhi kazi ni kuzikusanya tu na kuzifunga. Haraka ya asubuhi inatengenezwa jana yake. Hilo nyinyi hamtaki kulisikia.

Na msichane nywele kavu. Tulikuwa na kichanuo cha mti chenye meno mapana, na mafuta ya nyonyo ndani ya kibuyu kidogo. Unalowesha vidole, unapaka shinani, unachana kuanzia nchani ukipanda. Na pale penye nywele laini kando ya masikio, usivute. Mama Shaushi alikuwa akinipiga mkono. "Hizo ni za kuazima," alisema. "Ukizing'oa hazirudi."

Nilipoiva mkono akaniazimisha kwa mke wa mlowezi mmoja Mjerumani, mwenye shamba la kahawa upande wa Tengeru. Bibi huyu aliamka mapema kusimamia ukamuaji wa ng'ombe, na nywele zake zilimfika kiunoni. Nywele za Kizungu zinateleza kama utumbo wa samaki. Siku ya kwanza kila nilichosuka kilifumuka kabla hajafika zizini.

"Ndeshi, mimi nataka haraka," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Lakini wewe vuta, mimi piga kelele."

Nikajifunza kuzilowesha kidogo, kuanza msuko chini kabisa ya kisogo, kisha kuuzungusha na kuuchoma vibanio. Alikuwa mkali, ila hakunipiga, na siku nilipoumwa jino aliniletea maziwa ya moto kwa mkono wake.

Nilikuwa huko mvua zilipokatika, nikaletewa ujumbe na muuza ndizi kwamba Mama Shaushi ananitaka, nije peke yangu, nisiongee na mtu.

Nilimkuta ndani, mlango umefungwa, kilemba kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameugua homa kali, akapona, lakini amekonda. Alikifungua kile kilemba mwenyewe. Nywele zilikuwa zimeng'oka mafungu mafungu. Zilizobaki zilikaa hapa na pale kama majani kwenye uwanja ulioliwa na mbuzi.

"Shaushi anarudi," alisema. Mumewe alikuwa ametumwa kusini na kikosi chake tangu kabla ya mvua. "Wamekwisha kuvuka mto Kikafu. Nishonee kitu hapa. Uzi, katani, chochote. Asinione hivi."

Nilijaribu. Uzi lazima ushikwe na nywele, na pale hapakuwa na cha kushika. Kila nilipokaza kidogo, nywele zilibaki mkononi mwangu. Aliziona.

"Wanawake wakijua," alisema, "watasema mkono wangu unakausha vichwa. Nani atakaa mbele yangu? Na yeye nitampikia nimejifunika mpaka lini?"

"Mama, kwetu tungenyoa tu."

Akanigeukia kwa ukali. "Nyamaza! Kwetu mwanamke hunyolewa siku ya ujane. Mume wangu yuko porini na bunduki, nami ninyoe? Niyaite mauti kwa mkono wangu?"

Nikatoka, nikapanda mlimani bila kupumzika kumfuata mama yangu. Yeye alikuwa hazipendi nywele zangu hata kidogo. Tangu nilipoanza kuzifuga kila nikienda nyumbani aliuliza nafuga nini humo. Lakini nilipomweleza hakuuliza swali. Alichukua kibuyu cha maziwa, wembe uliofuliwa na mhunzi wa kwetu, na chombo cha loshoro, yaani mahindi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, tukashuka pamoja kwa Mama Shaushi.

Kiswahili hakukijua. Nilikaa katikati yao nikitafsiri. Alikigusa kile kichwa kwa viganja vyote viwili, polepole, kama anayeshika mtoto mchanga.

"Mwambie hizi ni nywele za homa," alisema. "Kwetu aliyetoka kwenye ugonjwa mkubwa hunyolewa kama aliyetoka kuzaa. Homa imekwisha. Anazibebea nini?"

Nikatafsiri. Mama Shaushi akarudia habari ya mume na mauti. Nikatafsiri na hiyo.

Mama akanigeukia. "Ndeshi, baba yako yu hai?"

"Yu hai, mama. Umemwacha anakata majani ya ng'ombe."

"Mimi nimenyolewa mara ngapi tangu anioe?"

"Sijui. Nyingi."

"Basi mwambie. Na mwambie aninyoe mimi kwanza, aone kama baba yako ataanguka." Akamkabidhi wembe, akakaa chini mbele yake, akainamisha kichwa chenye vinyweleo vifupi.

Mama Shaushi aliutazama ule wembe. Halafu akacheka, kicheko kidogo chenye mafua, cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Akamnyoa mama yangu. Mkono ulikumbuka kazi, maana mkono wa msusi unajua kichwa hata ukiwa na wembe. Alipomaliza alikifuta kichwa cha mama kwa ncha ya kanga yake. Wakabadilishana nafasi bila mimi kutafsiri kitu. Mama akamdondoshea maziwa utosini, akamnyoa, nami nikashika bakuli. Machozi yalikuwa yakimtoka, hayana sauti. Mama hakumbembeleza. Alimpaka mafuta ya kondoo, akamwekea loshoro mkononi, akamsimamia mpaka akamaliza.

Kulipopambazuka nilisikia sauti za wanawake nje.

"Niwaambie unaumwa?" nikauliza.

Mama Shaushi alikuwa amekishika kilemba. Alikaa nacho mkononi muda mrefu. Kisha akakitundika ukutani, akafungua mlango, akakaa kwenye kigoda chake mahali pale pale pa siku zote, kichwa wazi.

Wa kwanza alikuwa mke wa ombasha, naye ndiye tuliyemwogopa.

"Mungu wangu! Shaushi amekufa?"

"Hajafa. Nywele ndizo zilizokufa. Homa."

Wanawake nyuma yake wakasogea kuona. Yule mama akamtazama kichwa, akamtazama mikono.

"Na mkono wako?"

"Mkono haukuugua. Unakwenda wapi leo?"

Mke wa ombasha akavuta kanga mabegani.

"Mtoni," akasema. "Na usinipe yai wako anisuke, mtungi mwingine sina." Akakaa chini, mgongo kwenye magoti ya Mama Shaushi.

Wengine wakafuata. Asubuhi ile hatukusimama hata kunywa maji.

Shaushi alifika siku iliyofuata, mchana, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nachambua mchele pembeni. Alisimama mlangoni, mzigo ukamshuka begani.

"Nani amefariki?"

"Hakuna," mkewe alisema, naye hakusimama. "Niliumwa. Zikang'oka. Nimenyoa."

Mwanamume yule, niliyekuwa nikimsikia akiamrisha askari hadi kunguru wanaruka kwenye paa la boma, alipiga goti mbele ya kigoda. Akaweka kiganja juu ya kile kichwa, akakipitisha taratibu hadi nyuma ya sikio.

"Una kovu hapa," alisema.

"Nilianguka kwenye mwamba. Nilikuwa mdogo."

"Miaka yote hii sijaliona."

"Ungelionaje? Nimekuwa nikisukia juu yake."

Hakuuliza zaidi ya hapo. Aliomba maji ya kunawa, akaomba chakula. Nami nikaenda kuchambua mchele wangu nyumba ya jirani, kwa kuwa adabu nilikuwa nimefundishwa.

Vita vilipokuja, askari wakaondoka Arusha na wake zao wakawafuata na sufuria vichwani. Mimi nilibaki. Nilisuka wasichana wa bweni la misheni, chini ya mama msimamizi aliyetaka vichwa vyote viwe tayari kabla ya kengele ya sala. Baadaye nilisukia barazani kwa watu, Kaloleni, miaka mingi, nikazeekea hapo. Sasa vidole vimekauka kama vijiti, njia ya nywele ikipinda siioni. Nimeacha. Sikuacha kwa huzuni. Nimeshika vichwa vya mabibi harusi na vya waliofiwa, na kila mmoja aliniinamishia shingo. Watu hawamwinamishii mtu shingo hivi hivi.

Kwa hiyo msiniambie ususi ni kazi ya wasio na kazi. Fungeni nywele mapema, pakeni mafuta, jiulizeni mnakwenda wapi. Na mkiona chini ya nywele za mwenzenu jambo ambalo mumewe hajaliona, fungeni midomo. Msusi anayesema hana kazi kesho.

Mtauliza basi mbona mimi nimeyasema ya Mama Shaushi. Niliruhusiwa. Asubuhi walipoondoka nilimsindikiza mpaka kivukoni. Nywele zake zilikuwa zimeota fupi, nyeusi, zimebanana, naye hakuzifunika. Nilimuahidi, nikilia, kwamba sitamwambia mtu kamwe yale ya homa. Akanikatiza.

"Usimwambie nani? Waambie wote," alisema. "Waambie nilikaa mlangoni kichwa wazi, na wote walikuja."